Laptopu Haiuzwi Bila Mtu

Laptopu ya mdarizi ilikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, katikati ya herufi S. Sindano ilisimama ndani ya kitambaa, taa ndogo ya kijani ikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka upande wa kushoto. Mdarizi alichomoa waya ukutani, akakata uzi kwa mkasi, akafungua fremu na kulitoa koti la muuguzi kabla halijakunjamana. Kisha akainua kifuniko cha laptopu ili amsaidie Bibi kutoka.

Bibi alitoka polepole, magoti yakimlia. Alikuwa ameishi humo miaka kumi na mmoja. Mume wa mdarizi ndiye aliyemleta, enzi zile mtu akinunua laptopu aliweza kumwambia aliyemo, "Asante, sasa nenda," akamweka amtakaye. Bibi alikuja kwenye kisahani cha CD alichopewa mume huyo na rafiki yake, bila malipo, kwa sababu watu waliomlea walimlea kwa zamu na hawakuwa na mazoea ya kuuza. Hakuwa na sura ya kupendeza. Alivaa aproni ya bluu iliyopauka, aliongea kidogo, na akikosea alisema amekosea wapi. Kazi yake ilikuwa kuisemesha mashine ya kudarizi, na mfukoni mwa aproni alibeba herufi.

Herufi hizo zilichorwa na marehemu mume. Alilala hospitalini miezi saba kabla ya kufa, na kilichomkera kuliko sindano ni kwamba watu wanamgeuza, wanamwosha, wanamfariji, naye hawezi kuwaita kwa majina. Majina yalikuwa yameshonwa vifuani mwao, lakini ukiwa umelala chali yanakuwa kama siafu kwenye shuka. Basi akaanza kuchora upya, herufi moja moja, akiwa kitandani, laptopu tumboni. Zilikuwa zimeinama kidogo, kama mtu anayeegemea ukuta akisubiri zamu yake. Mgonjwa aliyelala aliweza kuzisoma bila kuinua shingo. Alimaliza Z Alhamisi, akafa Jumamosi. Tangu hapo, miaka minne, mdarizi alishona majina ya hospitali nzima kwa herufi hizo.

"Nitakaa wapi?" Bibi aliuliza.

"Kaa hapo kwenye gunia la vitambaa," mdarizi alisema. "Kesho nakwenda dukani."

Ilijulikana kwamba hawa wa kisahani hawakai nje muda mrefu. Wakikosa mashine wanapungua, kama kipande cha sabuni. Kufikia jioni Bibi alikuwa amepungua shubiri moja.

Dukani kulikuwa na baridi ya kutengenezwa na rafu nne. Laptopu zilikuwa zaidi ya arobaini: nyeusi, za fedha, za waridi, moja ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Nyuma ya kila moja alisimama mwanamume yule yule, suti ya kijivu, mikono ameifumbata mbele, anatabasamu. Watu humwita mfumo.

"Karibu mama," alisema muuzaji. "Unatafuta ya ukubwa gani?"

"Natafuta isiyo na mtu."

Muuzaji alicheka kwa adabu. "Isiyo na mtu hatuna. Kiwanda hakifungi boksi bila mtu."

"Mimi ninaye wangu nyumbani. Nataka boksi tu."

"Wako ni yupi?"

"Bibi mmoja, ana aproni."

"Aaa, hao wa kisahani." Muuzaji alishusha sauti kana kwamba ametajiwa ugonjwa. "Mama yangu, hao siku hizi wamebaki kwa watundu. Chukua huyu. Anajua kila kitu."

"Anajua kudarizi?"

"Atajifunza."

"Na nikimwacha hapa hapa, mnapunguza bei?"

"Huyu ni bure, mama. Bei yake imo humo humo."

Mdarizi alitembea rafu zote nne. Wanaume arobaini na kitu walimfuata kwa macho, wote kwa pamoja, kwa heshima. Aliuliza kama hakuna mwingine yeyote. Muuzaji akasema chaguo lipo, nani amesema hakuna. Akampeleka upande wa kioo, alikosimama mwanamke mrefu mwenye gauni jeupe, kwenye meza ya peke yake. Bei yake ilikuwa mara tatu. Alikubali kukaa na mashine za ukoo wake tu. Mashine ya kudarizi ya mdarizi angeipita kama mtu anavyompita mlevi. Karibu na mlango palikuwa na wa tatu, kijana mwembamba, bei nafuu, ambaye mtandao ukikatika huzimia papo hapo. Alikuwa amelala sakafuni wakati huo. Mfagiaji alimzunguka kwa ufagio.

"Hao watatu," muuzaji alisema. "Rangi ndiyo unachagua mwenyewe."

Sare sitini na mbili zilikuwa zimejaa magunia mawili nyumbani, na hospitali ilizitaka Jumatano inayofuata. Mdarizi alichukua ya kijivu, mwanamume akiwa ndani.

Alifungua boksi mezani, karibu na mashine. Alitoa sponji, akatoa waya uliofungwa kwa kamba ya plastiki, akaiwasha. Hodi ikabishwa kutoka ndani, mara tatu, kwa staha.

"Naweza kuingia?" sauti iliuliza.

"Karibu," alisema mdarizi, kama alivyolelewa.

"Asante kwa kukubali masharti," mfumo alisema, akatoka na begi lake. Aliufunga mlango wa laptopu kwa ndani na kwa nje, akauweka ufunguo mahali ambapo hapakuonekana, akavuta kiti cha dirishani na kuketi. Alimuuliza mdarizi jina. Mdarizi alilitaja. Mfumo akasema jina hilo tayari lina mtu, akampa lile lile lenye tarakimu nne mwishoni.

Jioni alikuja Kisahani. Alikuwa fundi wa redio, rafiki wa marehemu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kisahani kimoja au viwili kwenye mfuko wa shati. Alimsalimia Bibi, aliyekuwa sasa na kimo cha kiti, akamtazama mfumo dirishani, kisha akamgeukia mdarizi.

"Shemeji, niambie hukumwambia neno."

"Nilisema karibu."

Kisahani aliketi kwenye gunia. "Kurasa tisini na mbili za masharti. Umezikubali zote kwa neno moja."

"Mtu amebisha hodi, Shem. Ninyamaze?"

"Ndiyo! Ungenyamaza kama uko msalani! Angebisha mpaka achoke, mimi nije nimpitishe Bibi mlango wa nyuma kabla huyu hajashika kufuli."

"Sikulelewa hivyo."

"Najua hukulelewa hivyo. Na wao wanajua."

Hata hivyo alijaribu. Aliizima laptopu, akaiwasha akiwa amebonyeza kitufe cha pembeni, na kweli mlango wa nyuma ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Alimshika Bibi kiwiko, Bibi akashika kifurushi chake, wakasogea. Mfumo alikuwa amekwisha kusimama kwa ndani.

"Simtambui," alisema. "Hana saini."

"Saini ya nani?" Kisahani aliuliza.

"Yangu."

"Basi msainie."

"Sisaini nisiyemtambua."

Walirudia mara sita. Mfumo hakukasirika hata mara moja. Mara ya saba Kisahani alikaa chini akajifuta jasho kwa kofia. Alieleza kwamba zamani kufuli hili lilikuwepo pia, lakini ufunguo alipewa mwenye nyumba. Hii ya sasa ufunguo umebaki kiwandani, na kiwanda hakina mlango wa kubisha.

Alhamisi na Ijumaa Kisahani alizunguka mitaa ya mafundi kutafuta laptopu kuukuu. Zilikuwepo, nyingi, zimepangwa kama matofali. Ndani ya kila moja alikuwemo mfumo yule yule, mzee kidogo, suti imechakaa viwiko, tena mkali, maana amezoea nyumba. Alimkuta mtu mwenye laptopu kama ile iliyokufa, lakini yake ilikufa kabla.

Jirani, mwalimu mstaafu, alipita kuazima pasi akamkuta mfumo dirishani. Wakaamkiana kama watu wanaofahamiana. Mwalimu naye alikuwa na wake nyumbani, tangu mwaka juzi.

"Utamzoea," alimwambia mdarizi. "Mimi hata nikienda kuoga sasa namuaga."

"Haulizi unakwenda wapi?"

"Haulizi. Anaandika tu."

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ndiye aliyetoa majembe. Alimtaka mdarizi ahamishe nyuzi zake kwenye kabati alilolipendekeza yeye, akamletea matangazo ya viatu, akamkumbusha siku ya kuzaliwa ya mtu aliyekufa. Kuhusu kazi hakuwa na shida. Ijumaa mchana aliiendea mashine ya kudarizi, akaishika ubavuni, akasema dereva wa kuiendesha ameshampata, wataelewana.

"Basi chukua herufi kwa Bibi," mdarizi alisema.

Mfumo alizipokea herufi mikononi, akazigeuza, akazirudisha. "Hizi sizifungui. Umbo lake silijui."

"Zimefanya kazi miaka minne."

"Herufi ninazo," mfumo alisema. "Aina kumi na nne."

Jumamosi asubuhi Bibi alikuwa na kimo cha chupa ya maji. Alimwita mdarizi kwa kugonga meza ya pasi kwa ukucha.

"Mwanangu, mimi sifiki mbali," alisema. "Lete daftari. Nitakusomea."

Ndivyo walivyoanza. Herufi iliyoshonwa mtu anaweza kuinakili kwa macho, lakini haitakaa, maana umbo ni jambo dogo. Jambo ni sindano ilianzia wapi, ikaenda wapi, ikarudi kukaza wapi. Ukianza upande usio wake uzi unavuta, kitambaa kinajikunja, herufi inalala. Marehemu alikuwa amejaribu kila moja mara mia. Basi Bibi aliisoma A yote, tundu kwa tundu: chini, kulia tatu, juu saba, rudi mbili, pumzika. Mdarizi aliandika kwa penseli. A peke yake ilichukua kurasa nane. Saa sita walikuwa kwenye B. Walikula wima. Jioni walimaliza E, na Bibi alitosha kwenye kikombe.

"Kesho tuamke mapema," mdarizi alisema.

"Kesho tuamke mapema," Bibi alisema.

Jumapili walianza jua halijapanda. F, G, H. Saa tatu mdarizi alitoka nje kwenda uani kuchota maji ya kunywa. Aliporudi, mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umefungwa, na mfumo amesimama mbele yake, mikono ameifumbata.

"Najisasisha," alisema. "Tafadhali usizime."

"Bibi yumo ndani."

"Asilimia nne."

"Sikukuruhusu."

"Nilikuuliza Ijumaa. Palikuwa na 'sasa' na 'baadaye'. Ulichagua baadaye." Alitazama saa ya mkononi isiyo na mishale. "Ndiyo hii."

Mdarizi alikaa kwenye ngazi ya mlango. Kisahani alikuja, akajaribu dirisha, akajaribu kuzima umeme wa nyumba nzima. Mfumo akamwambia kwa upole kwamba wakizima katikati, chumba hakitafunguka tena kabisa, na vilivyomo vitabaki humo. Kisahani akauacha umeme. Asilimia thelathini ilikaa saa nzima. Asilimia tisini na tisa ilikaa nyingine. Saa nane na nusu mlango ulifunguliwa. Kiti cha dirishani kilikuwa kimehamia upande wa pili, na swichi ya taa ilikuwa imewekwa juu zaidi, bila sababu.

Bibi alikuwa juu ya daftari, amekaa kwenye ukingo wa ukurasa. Alikuwa na kimo cha kofia ya kushonea, ile ya kidoleni. Mdarizi aliinama mpaka sikio likagusa karatasi.

"Tumefika wapi?" Bibi aliuliza.

"I."

"I ni nyepesi. Andika."

Waliandika I, wakaandika J. Ya K ilibidi mdarizi azibe sikio la pili kwa kidole na Kisahani aache kupumua. Ya L sauti ilikuwa kama ya sindano ikiwekwa kwenye sahani. Bibi aliisoma mpaka tundu la mwisho. Akasema, "M. Chini." Midomo yake iliendelea kwenda muda mrefu, na mdarizi aliendelea kuinama, lakini hapakuwa na cha kuandika. Kisahani alijaribu kumtazama kwa kioo chake cha kukuzia, kile cha kutengenezea redio, asome midomo. Alisema anaona kama anasema "kushoto". Au "pole".

Jumatatu Bibi alikuwa kama punje ya mchele. Jumanne palikuwa na kitu kama nyuzinyuzi juu ya ukurasa, na mdarizi hakupapangusa.

Mfumo alishona sare sitini na mbili kwa siku moja na nusu. Mdarizi alibadilisha fremu na kukata nyuzi. Kati ya aina kumi na nne za herufi alikuwa amechagua iliyo nene kidogo, akalala chini kwenye sakafu kuisoma, akaona zote ni mamoja. Hospitali ilipokea mzigo na kushukuru. Sare za zamani zilichomwa kwenye tanuri la nyuma ya maabara, kama kanuni ya usafi inavyotaka. Kufikia mwisho wa mwezi wagonjwa waliokuwa wamelala waliwaita wauguzi wote "sista", na wa kiume wakaitwa "wewe".

Mdarizi alijaribu M kwa kukisia. Kitambaa kilijikunja kama uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Alijaribu kuanzia kulia, akajaribu kuanzia katikati, akapoteza kitambaa cha mita nne. Kisahani alimwambia, "Shemeji, aliihangaikia M wiki tano. Na alikuwa na wewe wa kumletea chai." Mdarizi akaacha.

Muhula ulipobadilika alikuja muuguzi mpya na koti lake moja, jina limeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini. Mdarizi alilisoma. Akalisoma tena, akaenda kwenye daftari, akageuza kurasa. Lilikuwa jina fupi, na kila herufi yake ilikuwemo.

"Una haraka, mwanangu?"

"Naanza Alhamisi, mama."

"Njoo Alhamisi asubuhi."

Alilishona kwa mkono, siku tatu, daftari limefunguliwa mbele yake kwa kibanio cha nguo. Mfumo alimuuliza mara kadhaa kama anahitaji msaada. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu muuguzi alivaa koti. Mdarizi alipanda juu ya meza ya kupigia pasi, akalala chali, mikono ubavuni, akamwomba asimame pembeni kama anamhudumia mgonjwa. Muuguzi akasimama, akamwekea na mkono kwenye paji la uso, kwa mzaha.

Mdarizi alimwita kwa jina lake.

"Abee," muuguzi aliitika, kisha akacheka. "Umelisoma hapo chini?"

"Nimelisoma."

Muuguzi alikwenda kazini. Saa mbili kasoro alirudi akihema, koti mkononi.

"Mama, samahani. Wamenirudisha getini."

"Nani?"

Muuguzi aliinua kidevu kuelekea dirishani. "Huyu. Yuko pale getini pia, wameweka mwezi uliopita, ndiye anayesoma vifua. Anasema hapa hapana jina."

"Walinzi je? Wao hawaoni?"

"Wanaona. Mmoja hata amelisifu. Lakini geti hafungui yeye." Alikuwa karibu kulia. "Ni zuri, mama, sikatai. Ila niwekee kama za wenzangu. Siku yangu ya kwanza, na zamu imeshaanza."

Mdarizi alichukua kifumulio, akaketi, akaanza kufumua kutoka herufi ya mwisho. Zilikuwa zimekazwa vizuri na zilimchukua muda. Muuguzi alisimama mlangoni akihesabu dakika. Palipobaki matundu matupu mdarizi alipapiga pasi ya mvuke mpaka yakafumba, akabana koti kwenye fremu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mfumo alishona jina kwa dakika nne. Muuguzi alivaa, akashukuru, akatoka mbio.

Mfumo aliifunga mashine, akaifuta vumbi, akamgeukia mdarizi akiwa na tabasamu lake. Alimuuliza ameridhika kiasi gani na huduma ya leo. Palikuwa na nyota tano. Hapakuwa na pa kuandikia neno, na ya chini kabisa ilikuwa moja.

Mdarizi aliwaza kidogo. Akabonyeza ya nne, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa safi.